Dirisha la Chumba cha Mama

Mama alituachia maneno machache, na karibu yote yalikuwa ya kazi. Bawaba za mlango wa jikoni zitiwe mafuta. Jirani arudishiwe sufuria yake. Na lile ua lake, begonia iliyokaa kwenye kopo jeupe dirishani chumbani kwake na baba, litunzwe. "Mimi nakwenda," alisema, "lakini hilo msije mkaniulia." Ndivyo alivyokuwa mama yangu, hata kufa alikufa akitupangia zamu.

Kwa hiyo miezi minne baadaye, nilipokwenda kumjulia hali baba na kukuta majani yameota vumbi jeupe, kama mtu kayapitishia unga wa ngano, nilishikwa na hasira kabla ya huzuni. Mimi huanza na hasira. Huzuni hunikuta njiani. Nililipangusa vumbi kwa kidole, likatoka. Baada ya siku tatu lilikuwa limerudi, tena limezidi, na majani ya chini yalikuwa yanageuka rangi ya kahawia na kudondoka.

Ukungu naujua. Nafanya usafi hospitalini, wodi ya upasuaji, huu mwaka wa kumi na tisa. Pua yangu hunionyesha penye unyevu kabla sijawasha taa.

"Baba, unalifanyia nini ua la mama?"

Baba ni fundi saa. Alikuwa mezani kwake sebuleni, lenzi jichoni, kibano mkononi. "Nalinyunyizia maji kila asubuhi, kama alivyokuwa akifanya yeye."

"Juu ya majani?"

"Ulitaka ninyunyizie wapi? Miguuni kwangu?"

"Na dirisha? Tangu msiba halijafunguliwa. Chumba kitapumua vipi?"

Akaweka kibano chini. "Dirisha liache."

"Lakini baba..."

"Nimesema liache, mwanangu."

Nikaona ni ubishi wa uzee tu. Huyu ni mtu aliyewahi kununa na redio wiki nzima kwa kuchelewa dakika moja kutangaza saa. Sikumbishia.

Nje ya geti la hospitali kuna mama mmoja anauza miche, sote tunamwita Daktari. Nilimpelekea jani moja ndani ya mfuko. Aliligeuza juu chini, akacheka kidogo.

"Mgonjwa wako anapendwa sana huyu. Analoweshwa majani, halafu anafungiwa ndani. Kikulacho ki nguoni mwako." Akanipa dawa ya ukungu na masharti: kata kila jani lililoshikwa, usiliache hata moja kwenye kopo. Pangusa mkasi kwa spiriti kila ukikata. Maji mwagia kwenye udongo, na uuache ukauke juu kabla ya kumwagia tena. "Na hewa, dada. Kuliko dawa yangu yote, hewa. Ukimfungia atakufa tu."

Kukata alikata baba mwenyewe, kwa mkasi wake mdogo wa kazi. Kila jani alilishika kwa vidole viwili, akakata, akapangusa mkasi, akaliweka kwenye gazeti taratibu mno, utadhani linaumia. Nilisimama pale na chupa ya spiriti mkononi. Yalibaki majani tisa.

"Sasa dirisha, baba."

"Dawa tupige. Maji nimeacha. Dirisha hapana."

Wiki mbili baadaye majani yalikuwa manne, na mawili yalishaanza kupauka. Nilihesabu nikarudia kuhesabu. Mama alikuwa ameomba mambo matatu tu duniani, na la tatu lilikuwa linatufia mikononi, kisa mzee kang'ang'ania kitasa cha dirisha.

Siku hiyo baba alikwenda kumrudishia mteja saa yake ya ukutani. Alipopinda kona tu, nililifungua dirisha. Lilikuwa limegandamana na fremu, nikalisukuma kwa bega. Hewa ikaingia. Ningeishia hapo, sasa hivi ningekuwa nalala vizuri. Lakini mimi ni mtu wa wodi. Kwetu, kitanda kikiwa na maambukizi hatusafishi kitanda peke yake, tunasafisha chumba. Nilifua pazia, shuka, foronya zote mbili na sweta ya mama iliyokuwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Kuta nilizipangusa kwa dawa ya klorini, na kabati ndani na nje. Nilifanya kazi huku naimba. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba niliimba.

Baba alirudi saa tisa. Nilimsikia akivua viatu, akaingia chumbani. Nilipomfuata alikuwa amesimama katikati ya chumba, kichwa amekiinua kidogo, kama mtu anayetega sikio. Alikuwa ananusa. Akaenda kwenye msumari, akaukuta mtupu.

"Sweta iko wapi?"

"Kwenye kamba. Nimefua kila kitu, baba. Ukungu ulikuwa..."

Akakaa kitandani. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Mama yako alikuwa bado yumo humu," alisema. "Nikifunga dirisha nilikuwa nampata asubuhi."

Usiku ule alilala kwenye kochi, na uliofuata pia.

Wala siwezi kusema sikujua. Siku mama alipofariki, nilikivua kitambaa alichofunga kichwani, kikiwa bado na unyevu wa jasho lake, nikakitia kwenye mfuko wa nailoni, nikaufunga mafundo mawili na kuuficha chini ya nguo zangu. Sikuwahi kuufungua hata mara moja, nikiogopa harufu itaisha. Ugonjwa wa baba nilikuwa nao kabatini kwangu.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mfuko ule nilikuwa nao. Jumapili nikampelekea. Ua lilikuwa dirishani, majani mawili yamesimama safi, na katikati jani jipya limejikunja, ukubwa wa ukucha. Baba hakuwa hata amelitazama.

"Kitambaa chake hiki," nilimwambia. "Sijakifua. Sijakifungua kabisa."

Mikono yake, ambayo haijawahi kuangusha skrubu, ilihangaika na yale mafundo. Alikitoa kitambaa, akajifunika nacho uso kwa mikono miwili, akavuta pumzi ndefu. Nilikuwa mlangoni, hatua nne kutoka kwake, na harufu ikanifikia hapo hapo. Ilikuwa ya ukungu tupu. Madoa meusi yalionekana kwenye pindo. Miezi minne na zaidi ndani ya nailoni, na unyevu wake; na mimi niliyefanya kazi wodini mwaka wa kumi na tisa sikuliwaza hilo.

Baba alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akakishusha, akakikunja mara nne, akaniangalia kwa macho mekundu.

"Ndiye," alisema. "Ndiye kabisa. Ahsante, mwanangu."

Mtu asiyeweza kudanganywa na saa kwa dakika moja. Nikamjibu, "Ndiye, baba."

Akainuka, akakitandaza kitambaa dirishani kando ya ua, kipate hewa.