Risasi Sitini na Tatu Kwenye Ulezi

Risasi ya kwanza ilimtoka Zebedayo siku ya Alhamisi asubuhi, mkewe akichagua maharage. Walikuwa wamekaa uani kwao, kijijini Mpemba, yeye kwenye kigoda, mkewe Tulinagwe kwenye mkeka, ungo mapajani. Zebedayo alikohoa mara tatu, akainama, na kitu kikaanguka kwenye ungo. Tulinagwe alidhani ni jiwe. Alikiokota, akakitupa pembeni pamoja na mawe mengine, kisha akageuka kukitazama vizuri. Ilikuwa risasi nzima ya bunduki ya kijeshi, ya shaba, ndefu kama kidole cha kati, imelowa mate.

"Umeimeza lini?" aliuliza.

"Sikuimeza. Niliipiga."

"Wapi?"

"Burma."

Tulinagwe aliipangusa kwa pindo la kanga. Akauliza kama koo linauma. Zebedayo akasema linauma kidogo, lakini kifua kimepungua uzito.

"Ulipiga ngapi huko?"

"Sitini na tatu. Nilikuwa nahesabu."

"Basi zimebaki sitini na mbili," alisema Tulinagwe. "Kunywa uji."

Akarudi kwenye maharage.

Zebedayo alikuwa amerudi kutoka vitani miezi sita kabla. Lori la jeshi lilimshusha Tunduma na koti, blanketi na karatasi, akaja Mpemba kwa miguu. Karatasi ilisema kwamba mtu huyu ni mzima na hana jeraha. Daktari wa jeshi alimgonga mgongoni mara mbili, akasikiliza, akaandika hivyo. Lakini Zebedayo alilala ameketi, kwa sababu akijinyoosha kifua kilimlemea kama aliyepandishiwa gunia la chumvi. Kabla ya vita alikuwa anaimba besi kanisani, na watu wa benchi la mbele walikuwa wakisema wanaisikia miguuni. Aliporudi hakuimba. Alisimama na kitabu mkononi, akafungua kinywa, akafunga. Mchungaji alipomuuliza, alijibu kwamba ndani hakuna nafasi.

Sasa ilijulikana kilichojaza nafasi.

Risasi ya pili ilitoka baada ya wiki tatu, ya tatu baada ya siku nne. Hazikuwa na ratiba. Tulinagwe aliona kwamba lazima apate mahali pa kuziweka, na kwa bahati nzuri alikuwa amesikiliza tangazo.

Tangazo lilisomwa barazani na Watson, tarishi wa boma, aliyekuwa ameoa mdogo wake Tulinagwe. Liliwahusu wenye magobore ya kufukuzia nguruwe. Baruti na risasi, alisoma Watson, ziwekwe pakavu. Ziwe mbali na moto, mbali na watoto, mbali na bunduki yenyewe. Mlevi asizifikie. Mwenye nyumba ajue idadi yake. Asiyezihitaji azipeleke bomani, zikahifadhiwe kwenye ghala lenye mlango wa chuma. Wanawake waliokaa nyuma walikuwa wanamenya karanga na kumcheka Watson kwa kaptula yake. Tulinagwe naye alicheka kaptula, lakini alisikiliza.

Mbali na bunduki ilikuwa rahisi, maana hawakuwa na bunduki. Idadi aliijua. Kwa hayo mengine alichagua kihenge cha ulezi. Kilisimama nyuma ya nyumba juu ya miguu minne ya miti, hatua thelathini kutoka jikoni. Ulezi hukaa mkavu miaka mingi na hauingiliwi na wadudu. Zaidi ya hayo, kihenge cha ulezi ni cha mke. Mwanamume wa huko hafunui kifuniko chake hata akishinda njaa. Anamwomba mwenyewe, na mtoto akikipanda anachapwa na jirani yeyote atakayemwona wa kwanza.

Watson alipoambiwa alitoa ushauri mwingine.

"Shemeji, weka kwenye chumvi ya Ivuna. Chumvi inanyonya maji."

"Inakula shaba pia."

"Nani kakwambia?"

"Birika lako mwenyewe la shaba, shemeji, ulilowekea chumvi. Mdogo wangu analiziba kwa gundi ya mti."

Watson hakurudia habari ya chumvi.

Kila risasi iliyotoka, Tulinagwe aliipangusa, akaikausha kivulini, akaichora kwa ncha ya msumari alama ndogo ya kazi aliyokuwa nayo siku ile. Ya kwanza aliichora punje ya haragwe. Nyingine zilipata jembe, sindano, mti wa Krismasi, sufuria. Zebedayo alikuwa akiinama, na Tulinagwe akikinga kiganja chini ya kinywa chake kama mtu anayemngoja mtoto ateme kokwa. Mkono wa pili aliuweka mgongoni kwake. Baadaye alimpa uji wa ulezi, kutoka kihenge kilekile.

Risasi ya kumi na tisa ilitoka Julai ya mwaka uliofuata, siku tatu baada ya Tulinagwe kujifungua mtoto wa kiume, Timotheo. Alikuwa bado ndani. Mama yake Zebedayo, Marita, aliyekuja kumsaidia mkwewe, ndiye aliyeipokea. Marita alikuwa mwanamke makini, na kitu kisichotakiwa kuoza alijua pa kukiweka. Aliichomeka kwenye kikapu cha mahindi ya mbegu, kwenye uchaga juu ya mafiga, ambako moshi hufukuza dumuzi na unyevu haufiki. Siku ya pili, saa sita mchana, akipika maboga, risasi ililia.

Hakuna aliyeumia. Paa la nyasi la jikoni lilitoboka tundu la kutosha yai. Na kwenye tundu lile mvua ikaanza kunyesha.

Ilinyesha siku tatu. Mpemba nzima ilikuwa na vumbi la Julai na upepo wa baridi. Mvua ilipita kwenye lile tundu tu, ya matone mazito, ya uvuguvugu, ikinuka majani yaliyooza. Marita alikinga chungu, kikajaa, akakinga kingine.

"Nilijua mbegu tu mimi," alisema. "Wewe hukuniambia kwamba inanyesha."

"Sikujua, mama."

"Basi wote tumejua."

Zebedayo alileta kigoda chake akakaa chini ya tundu. Alikaa hapo mchana wote, maji yakimtiririka masikioni. Tulinagwe alitoka ndani na kitoto kifuani, akamfunika Timotheo vizuri, akaketi karibu na mumewe, mahali ambapo bega moja tu lilikuwa linalowa.

"Hii ilikuwa ya nani?"

"Mtu aliyekuwa anafua shati," alisema Zebedayo. "Mtoni. Alilivua, akawa analisugua kwenye jiwe. Hakuniona."

"Alikukosea nini?"

"Hakunikosea kitu."

Mvua ilinyesha. Baada ya muda Tulinagwe akauliza, "Alikuwa na sabuni?"

"Kipande. Kidogo hivi." Zebedayo alionyesha kwa vidole viwili. Kisha akasema, "Mama Yunisi, nataka zisipigwe tena. Hata moja."

"Hazitapigwa. Kihenge ni changu."

Yunisi, binti yao mkubwa, aliambiwa alete majivu ya kumwaga sakafuni, na siku ya tatu mvua ikakatika yenyewe. Wiki moja baadaye Zebedayo alikohoa, na ile ya kumi na tisa ikatoka tena, nzima, ina masizi ya jikoni. Hapo Tulinagwe alijua jambo ambalo tangazo la boma halikulitaja: risasi ya Zebedayo ikipigwa, inarudi kwa Zebedayo. Aliichora shati, akaizamisha kwenye ulezi chini kuliko zote.

Miaka ilikwenda. Zebedayo alipanda miche ya kahawa. Alianza kulala amejinyoosha, kwanza ubavu, kisha chali. Risasi ya sitini na tatu ilitoka mwaka 1952, Tulinagwe akianika mahindi, naye akaichora bunzi. Jumapili iliyofuata Zebedayo aliimba. Mchungaji alisimamisha wimbo akidhani benchi limevunjika. Ulipoanza tena, Marita alivua viatu ili aisikie vizuri miguuni. Tulinagwe, upande wa wanawake, alitazama kitabu chake bila kufunua ukurasa mpaka ibada ikaisha.

Mwaka huo mchwa walikula mguu mmoja wa kihenge. Timotheo alikuwa na miaka mitano na alikuwa anapanda kila kitu kilichosimama. Alishachapwa na majirani watatu, bila faida. Tulinagwe alikaa akafikiri. Kisha akamfuata mumewe kwenye kahawa.

"Nitazipeleka bomani," alisema. "Wana mlango wa chuma."

Zebedayo aliendelea kupalilia. "Kule ndiko zilikotoka."

"Hapa kuna mchwa na kuna Timotheo. Kule kuna kufuli. Tangazo lilisema zitahifadhiwa."

"Tangazo la Watson."

"Watson alisoma tu. Hakulitunga."

Zebedayo aliinuka, akanyoosha mgongo, akamtazama mkewe muda mrefu, bila hasira.

"Kihenge ni chako," alisema.

Tulinagwe alizibeba kichwani kwenye kikapu, zimefukiwa ndani ya ulezi, Watson akisukuma baiskeli kando yake na kuomba mara mbili apewe kikapu akipakie, akakataliwa. Bomani walipokelewa na bwana kijana mwenye pua iliyobabuka kwa jua. Alitumbukiza mkono kwenye ulezi, akatoa moja, akaigeuza kwenye mwanga. Akatoa nyingine. Akaita mwenzake aje aone.

"Anasema hajawahi kuona risasi zilizotunzwa hivi," alitafsiri Watson. "Za ghalani kwake nusu zimeota kutu."

"Mwambie asante. Mwambie zisipigwe."

Watson aliongea kwa kirefu kuliko alivyoambiwa. Bwana alijibu kwa maneno mawili.

"Anasema zitahifadhiwa."

"Muulize mpaka lini."

"Shemeji," alisema Watson kwa sauti ya chini, "hilo usinipe mimi."

Bwana aliuliza zimetoka wapi. Tulinagwe alisema ni za mumewe, alizikohoa, miaka sita. Bwana alifungua daftari, akapitisha kidole juu. Palikuwa na nafasi ya zilizonunuliwa, nafasi ya zilizorithiwa na nafasi ya zilizookotwa. Akaandika kwamba zimeokotwa. Tulinagwe akatoa ile karatasi ya daktari wa jeshi, akataka iandikwe upya, kwa kuwa ilisema mumewe alirudi bila kitu kifuani. Bwana aliisoma, akauliza hali ya mgonjwa ikoje sasa. Tulinagwe akasema sasa ni mzima, anaimba. Basi karatasi ni sahihi, alisema bwana, akairudisha. Alimrudishia na kikapu. Ulezi aliomba ubaki, risasi zisigongane.

Mwezi uliofuata malori matatu yalipita Mpemba yakielekea kaskazini, njia ya Kenya. Kwenye mawili walijaa vijana wenye sare mpya, wakiimba, na walipunga mkono kwa kila aliyesimama. La tatu lilibeba masanduku. Vumbi lilipotulia Tulinagwe aliona kuku wake wote wametoka barabarani, wamejipanga mstari mmoja mrefu, wanadonoa. Alikwenda akainama. Ulikuwa ulezi, umemwagika punje kwa punje mpaka kwenye kona.

Aliporudi uani Zebedayo alikuwa anatengeneza mpini wa jembe.

"Nimewaona kuku," alisema Zebedayo.

Tulinagwe alikaa kwenye mkeka. Hakuwa mtu wa kulia, na hakulia. Alisema, "Nilidhani chuma ni bora kuliko ulezi."

"Kila mtu angedhani hivyo."

"Wewe hukudhani."

Zebedayo aliweka jembe chini, akaja akakaa naye mkekani, jambo ambalo wanaume hawakulifanya mchana watu wakipita. Walikaa hivyo mpaka kuku walipomaliza.

Siku iliyofuata Tulinagwe alimwagiza mumewe miguu mipya ya kihenge, ya mawe safari hii. Ilikamilika kabla ya mvua za masika.

Jumapili ya Pasaka, katikati ya ubeti wa tatu, besi ilikatika. Zebedayo aliweka kitabu kwenye benchi, akainama. Tulinagwe alikuwa ameshaondoka upande wa wanawake na kuvuka katikati ya kanisa, viatu vikilia, kiganja kimekingwa. Mchungaji alingoja. Zebedayo alikohoa mara tatu. Risasi ilikuwa nzima, na chini ya mate ilionekana punje ya haragwe iliyochorwa kwa msumari. Haikunuka majani yaliyooza ya Burma. Ilinuka baridi na moshi wa mianzi.

"Hii ilikuwa ya nani?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Simjui," alisema Zebedayo. "Safari hii sikuwa mimi."

Tulinagwe aliipangusa kwa pindo la kanga. Mchungaji aliashiria, na kwaya ikaendelea na ubeti wa tatu bila besi.

Nyumbani alichukua msumari, na kando ya punje ya kwanza akachora punje ya pili. Alipanda kwenye kihenge, akaizamisha, mkono ukiingia mpaka kiwiko, akafunika kifuniko, akakigonga kuona kama kimekaza. Barabarani lori lilikuwa linapita kuelekea kaskazini, nalo lilikuwa linaimba. Alishuka, akaingia jikoni, akatoka na kikombe.

"Zimebaki sitini na mbili," alisema. "Kunywa uji."