Kwa Kiganja cha Nani

Kazi yangu ni kupima ukurutu, na nilikuwa najivuna nayo. Ngozi haina mizani, kwa hiyo tunatumia kiganja: kiganja kimoja, vidole vimebanwa, ni sehemu moja katika mia ya mwili. Unakipitisha juu ya kila palipoharibika, unahesabu, unaandika kwenye kadi. Kisha unamwuliza mgonjwa anawashwa kiasi gani, sifuri hadi kumi, na juma lililopita amekosa usingizi siku ngapi. Mtoto akifikisha viganja kumi anaingizwa kwenye mpango wa sindano. Asipofikisha, anapewa mafuta ya kupaka na tarehe ya kurudi.

Bibi Mdogo alikuwa na miaka sita. Jina hilo nilimpa mimi, kwa jinsi alivyokaa kitini mikono mapajani na kuniuliza kama watoto wangu hawajambo. Nyuma ya magoti na kwenye mikunjo ya viwiko ngozi ilikuwa imepasuka, inatoa maji. Shingoni ilikuwa imekakamaa. Nilipitisha kiganja changu, nikapata sita. Mwezi uliofuata, sita. Wa tatu, sita na nusu.

"Unawashwa kiasi gani, Bibi Mdogo?"

"Kumi."

"Kumi ni mtu anayeungua moto."

Alifikiri kidogo. "Basi kumi."

Nilicheka. Watoto wote husema kumi. Wangejua kuhesabu zaidi wangesema ishirini. Mama yake, aliyesimama nyuma ya kiti, hakucheka.

"Kwa hiyo sindano bado, daktari?"

Mimi si daktari, lakini sikumsahihisha. "Bado, mama. Ni kidogo tu hii. Huyu anadeka."

Dada wa masjala, anayetunza kadi zetu, alinifuata siku hiyo hiyo. "Kaka, yule mtoto analala kwenye benchi langu mchana kweupe. Kadi inasema hajalala juma zima. Mpime tena." Nikamjibu pilipili ya shamba yamwashia nini. Akarudi kwenye mafaili yake, na mimi nikaita mgonjwa mwingine. Nilikuwa mjinga, tena mjinga mwenye kiburi.

Mwezi wa tano sikuwaona kwenye foleni. Walikuwa wodini. Vidonda vilikuwa vimeingia vijidudu, na sumu ilikuwa imeshapanda kwenye damu. Daktari wa ngozi, mgeni aliyehamia juma lile, aliniita niende na kadi, akaniambia nipime mbele yake. Niliweka kiganja kifuani pa mtoto. Kilifunika kifua karibu chote.

"Hicho kiganja cha nani?" aliuliza.

"Changu."

Akauinua mkono wa Bibi Mdogo, uliokuwa wa moto, akaufungua vidole na kuuweka kando ya wangu. Hakuwa na haja ya kusema, ila alisema. "Unatumia cha mgonjwa. Mwili wake, kiganja chake."

Tulifundishwa asubuhi moja tu, watu wazima tukipimana wenyewe kwa wenyewe, na mikono yetu ililingana. Labda mwalimu alisema. Labda nilikuwa nachungulia simu. Daktari alipekua kadi yangu, ile iliyoandikwa kwa mwandiko safi. "Viganja vyako sita ni kama vyake kumi na vinne," alisema. "Huyu alistahili sindano tangu siku ya kwanza."

Mtoto alifariki Alhamisi, kabla ya saa nne asubuhi.

Daktari alitaka kuzungumza na mama yeye mwenyewe. Nilimwomba aniachie. Nilimkuta mama kwenye kiti cha ukumbini, nikaketi, nikamweleza yote: kiganja, hesabu, miezi mitano. Sikuficha kitu. Nilitamani anizabe kofi, anitukane, afanye lolote. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kwa hiyo alipokuwa anasema kumi," aliuliza, "ilikuwa kumi kweli?"

"Ilikuwa kweli, mama."

Muuguzi alipita na toroli, tukampisha.

"Nilikuwa namchapa," alisema. "Kila akijikuna, namchapa. Namwambia daktari amesema ni kidogo, acha kudeka. Mpaka akawa anajikuna kwa kujificha, chini ya kitanda. Jumapili nilimvuta nikamtoa huko, nikamchapa."