Koti la Mikono Minne

Binti alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, ulimi nje, akichora kwenye kipande cha katoni ya samaki. Mama yake alikuwa akimenya vitunguu huku akipigapiga miguu chini, kushoto, kulia, kushoto, kama mtu aliyebanwa na haja ndogo. Hakubanwa na chochote. Alifanya kazi katika chumba cha baridi cha kiwanda cha samaki, na mle ndani anayesimama anaganda. Miguu yake haikuwahi kuelewa kwamba nyumbani ni mahali pengine. Hata usingizini ilikwenda. Kazini walimwita Pilika, kifupi cha pilikapilika, na jina likamfuata mpaka mtaani.

"Mama, mwalimu kasema tubuni mnyama wa tundra."

"Wa tundu gani?"

"Siyo tundu. Tundra. Ni nchi ya barafu, haina hata mti. Mnyama mwenyewe awe hayupo duniani, lakini ukimweka huko asife."

Pilika aliweka kisu chini. Kwa mara ya kwanza shule ilikuwa imeuliza jambo lililomhusu.

"Masikio yawe madogo," alisema. "Masikio ndiyo yanayotangulia kuuma. Miguu iwe mifupi. Na asiwe wa kusimama, awe anachezacheza."

"Mwalimu kasema awe na mafuta."

"Ya kupaka au ya kupikia?"

"Mama! Ya ndani ya ngozi. Na manyoya."

"Manyoya, sawa, mpe mengi. Halafu mwekee mifuko."

"Ya nini?"

"Ya kutia mikono."

"Hana mikono. Ana miguu minne."

"Mwekee hivyo hivyo. Huwezi kujua atakutana na nani."

Binti akaweka mifuko miwili, mmoja kila ubavu. Alipofika kwenye manyoya alichora anayoyajua, yaani ya kuku. Hakuwahi kushika mengine, na neno lenyewe halikumsaidia, maana ni hilo hilo kwa kuku na kwa dubu. Aliyapanga vizuri kuanzia shingoni hadi mkiani. Mwalimu alimpa alama nzuri, akaongeza chini kwa kalamu nyekundu: Mnyama hawi na mifuko.

Katoni iliporudi nyumbani, Pilika aliiomba. Jaketi alilopewa kazini lilikuwa zipu yake imekufa, na alizoea kuchomeka kipande cha katoni kifuani ili upepo wa mle ndani usimpige moja kwa moja. Yeye na wenzake walikuwa wameomba makoti na glavu tangu msimamizi wa sasa akiwa na nywele, na kila wakiomba aliwajibu, "Yako njiani."

Kilichomkosesha Pilika raha hakikuwa jaketi. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimejikunja na havitaki kunyooka. Mle kiwandani kibarua hafukuzwi. Asubuhi jina lake halisomwi getini, basi, na asiyeweza kushika katoni halisomwi. Kwa hiyo Pilika aliweka mkono nyuma kila msimamizi alipopita, na moyo wake ulikuwa hautulii, kama ilivyokuwa miguu.

Siku alipoichomeka ile ya binti, katikati ya kazi, alihisi baridi kifuani. Akaitoa katoni. Ilikuwa tupu, yamebaki yale maandishi mekundu ya mwalimu tu. Mnyama alikuwa amesimama kati ya marundo ya samaki, mkubwa kama ndama, masikio madogo, amevaa manyoya ya kuku mwili mzima. Alikuwa akiramba barafu ukutani na kupigapiga miguu, kushoto, kulia, kushoto.

Mwenzake Pilika, mwanamke mpana waliyemwita Tingatinga, alifika na katoni mbili kichwani.

"Msogeze huyo, shoga. Kaziba njia."

"Ni wa binti yangu."

"Sijauliza wa nani. Nimesema msogeze."

Pilika alimsukuma ubavuni, na katika kusukuma mkono wake ukaingia mfukoni. Mle ndani kulikuwa na joto la mkate uliotoka kuokwa. Aliuacha mkono humo, akatia na wa pili upande wa pili, akawa kama anayemkumbatia. Alipoutoa ule wa kulia, vidole viwili vilinyooka. Havikunyooka sana, lakini vilinyooka. Furaha ilimjaa hadi akaona aibu, akageukia ukuta.

Kuanzia hapo wanawake walipokezana. Katoni kadhaa, kisha mfukoni. Walimwita Manyoya, wakamzoea, wakawa wanamgombeza akisimama mlangoni. Tingatinga alimsimulia habari za mume wake, kwa kuwa alikuwa msikilizaji asiyechangia.

Ubaya, manyoya ya kuku hunyonyoka. Yaliingia kwenye katoni, yakasafiri na samaki, na mteja mmoja akapiga simu kuuliza tangu lini sangara akawa na mbawa. Msimamizi akaingia chumba cha baridi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akiwa ndani ya koti refu lenye kofia.

"Nani kaleta kuku humu?"

"Siyo kuku, bosi," Pilika alisema, mkono nyuma. "Ni mnyama wa tundra."

"Ana kibali?"

Hakuwa nacho. Akaitwa daktari wa mifugo, mtu mpole mwenye mafua. Alimzunguka Manyoya muda mrefu. Kwa manyoya ni ndege, alisema, na kwa miguu ni mnyama. Mifuko hakujua aiweke wapi. Mwishowe akaamua ni mfugo, na mfugo una sheria zake: haukai kwenye baridi kama ile bila vazi, lazima utolewe kila baada ya muda ukapumzike penye joto, na upewe kitu cha moto.

"Na sisi?" Tingatinga aliuliza.

Daktari alimtazama, akawatazama wote, pua zao na masikio yao.

"Mimi ni wa mifugo, mama," alisema, na alisikitika kweli.

Haikupita wiki, msimamizi akawaita wote nje. Sanduku lilikuwa mezani. "Koti limefika," alitangaza. Wanawake walisukumana kama wasichana wa shule. Pilika ndiye aliyelikunjua. Lilikuwa zito, jipya, lina sufu ndani na zipu inayoteleza yenyewe. Lilikuwa na mikono minne.

Tingatinga na Pilika walilijaribu pamoja kabla hawajanyang'anywa. Liliwatosha. Walitembea nalo hatua chache, joto limewashika, wakicheka kama walevi, ila hawakuweza kukubaliana nani ainame. Msimamizi akawavua, akamvisha Manyoya, akamfunga zipu hadi kidevuni. Kisha akabandika tangazo ukutani: Ni marufuku kutia mikono katika mifuko ya mnyama. Inampunguzia joto.

Manyoya akapewa chumba cha kupumzikia, penye hita na ndoo ya uji. Hakukifurahia. Alikuwa akizunguka humo na koti lake, akisukuma mlango kwa pua, na wanawake waliposikia miguu yake walijua yu macho. Vidole vya Pilika vilirudi kujikunja. Mara hii na cha tatu kikaanza kufikiria.

Siku moja msimamizi alimwita ofisini, akamvutia kiti. Pilika aliogopa kile kiti kuliko kugombezwa.

"Nasikia binti yako ndiye aliyembuni. Ana kipaji, hongera."

"Ahsante, bosi."

"Basi mwambie atuchoree mwingine. Huyu ni mzuri, ila hana vidole. Tunataka mwenye mikono, anayeshika katoni. Nguo tutampa, hilo lisimpe shida."

"Na sisi je?"

"Nyinyi si mnasema mnaumia? Mtapumzika," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi.

Pilika alirudi nyumbani kwa miguu, mbio mbio, akaipita nyumba yake bila kuiona, ikabidi arudi. Akikataa, kesho jina halisomwi. Akikubali, litasomwa mpaka mnyama azoee kazi. Alifua nguo zilizokuwa safi. Alihamisha kitanda, akakirudisha. Binti alimfuata nyuma na penseli yake.

"Mama, kaa chini basi. Unanizungusha kichwa."

Akakaa, akamweleza alivyoagizwa. Hakumweleza yaliyobaki, lakini mtoto alimwangalia vile watoto wanavyoangalia wakishasikia yaliyobaki.

"Vidole vya nani?"

"Vya mtu yeyote. Vya kubebea."

"Siwezi kuchora vidole bila kuviona."

Pilika angeweza kuweka mkono wa kushoto, ambao bado ulikuwa mzima. Aliutazama. Kisha akaweka wa kulia juu ya katoni, ule aliokuwa akiuficha. Penseli ilipita kando ya gumba ikamtekenya, ikapita kando ya kidole cha shahada, na ilipofika vile viwili vya mwisho hakusikia kitu.

"Vinyooshe."

"Ndivyo vilivyo, mwanangu."

Binti akavichora vilivyo. Muda wote huo miguu ya Pilika ilikuwa imetulia chini ya meza.

Asubuhi jina lake lilisomwa. Alifika mlango wa chumba cha baridi na katoni kifuani ikiwa imeshakuwa tupu, na yule mpya alikuwa amekwisha simama pale kwa miguu miwili, manyoya yakimng'aa, mikono mbele. Msimamizi alisugua viganja. Akampa katoni ya kwanza. Ikamponyoka, samaki wakatawanyika sakafuni. Akampa nyingine, nayo ikafuata.

Msimamizi alimshika mkono, akaugeuza, akausogeza kwenye mwanga. Alivibonyeza vile vidole viwili, kimoja kimoja, taratibu.

"Maskini," alisema. "Huyu kaharibiwa na baridi."

Akampigia simu daktari papo hapo. Mnyama akavishwa blanketi, akapelekwa kwa Manyoya, kwenye hita, akae mpaka vidole vipone, na asiguswe na kazi. Msimamizi mwenyewe ndiye aliyemshika kiwiko kumvusha kizingiti.

Pilika alikuwa bado amesimama pale. Safari hii hakuuweka mkono nyuma. Aliuacha mbele, wazi, kwenye mwanga ule ule.

"Na wewe unangoja nini?" msimamizi aliuliza. "Samaki hao."

Aliinama akawaokota, akawapanga upya kwenye katoni, akaibeba kwa viganja na kidevu. Akaingia, akipigapiga miguu.

"Funga mlango," msimamizi alimwambia kutoka nje. "Baridi inapotea."