Damu ya Jenerali Kutu

Jumapili moja asubuhi, mke wa mwalimu wa udereva alikuwa akipekua mifuko ya nguo kabla ya kuzitia kwenye beseni. Hakuwa mwanamke wa wivu. Ni kwamba mumewe alikuwa bingwa wa kusahau kalamu mfukoni, na wino ulishaharibu mashuka mengi humo ndani. Safari hii hakukuta kalamu. Alikuta leso nyeupe iliyokunjwa vizuri, na alipoikunjua akaona damu.

Wala si tone moja. Ilikuwa imetapakaa katikati, kama ya mtu aliyekohoa akajifuta mdomo upesi watu wasimwone.

Akaipindua ndoo, akaikalia, leso ikiwa mkononi.

Mwaka juzi mumewe aliugua kifua kikuu, na si kile cha kumeza dawa huku ukiendelea na shughuli zako. Kilimwangusha, kikamlaza wodini, kikamkondesha mpaka suruali zake zote zikawa za mtu mwingine. Mke mwenyewe alikuwa mtaalamu wa maabara katika zahanati ya pale mjini. Ndiye aliyeinamia hadubini akaviona vile vijidudu vyekundu vimelala kama vijiti kwenye rangi ya buluu, akijua kuwa makohozi anayoyatazama ni ya baba wa watoto wake. Dawa zilimponya, na vipimo vya mwisho vilitoka safi kabisa. Lakini tangu siku ile alimlea kama yai. Asibebe ndoo, asikae kwenye upepo, asipande ngazi kwa haraka, na akipiga chafya tu, mke keshafika mlangoni na kipimajoto. Watoto, waliokuwa shule ya bweni, wakipiga simu swali lao la kwanza lilikuwa, "Mama, bado unamhesabia baba pumzi?"

Sasa hii leso. Kumuuliza hakuweza. Alimjua mumewe: angesema ni fizi, angecheka kidogo, kisha angeanza kuficha vizuri zaidi. Mchana ule wakala wali, yeye akimwangalia kifua kinavyopanda na kushuka chini ya fulana.

"Mbona unaniangalia hivyo?" mume akauliza.

"Nakuangalia tu. Au siku hizi nalipia?"

Jumatatu akaingia kazini kabla ya wenzake. Pale zahanati walimwita Mama Hadubini, kwa kuwa akikiinamia kile chombo hata ukimwita kwa kipaza sauti hasikii. Akavaa glavu, akaikata leso kipande, akakilowesha. Akachukua kijikaratasi cha kupimia, kile kinachogeuka kijani kikikutana na damu hata chembe, akakichovya na kusubiri.

Kikabaki njano.

Akachukua kingine, akidhani kile kimeharibika. Njano vilevile. Hapo ndipo akili ikaanza kumrudia, akaitazama leso kwa macho ya kazi badala ya macho ya mke. Damu iliyokauka hugeuka kahawia, hilo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua. Hii ilikuwa imelala siku nzima na bado ilikuwa nyekundu kama kanga mpya. Akaiweka kwenye kioo, akainamia hadubini. Hakuona chembechembe hata moja ya damu. Aliona nyuzi za pamba, na katikati yake fuwele zinazong'aa, zimepangana kama vipande vya vioo.

Akainusa. Sukari. Sukari na rangi ya keki.

Akashusha pumzi ndefu, ya tangu jana. Kisha akacheka peke yake, machozi yakimtiririka, mpaka mwenzake wa zamu aliyekuwa anaingia akasimama mlangoni na mkoba wake begani.

"Kuna nini, Mama Hadubini?"

"Mume wangu mzima!"

"Kwani alikuwa mgonjwa tena?"

"Hapana," akasema, akijifuta macho kwa mkono wa koti. "Hata kidogo."

Furaha ile ilimfikisha mpaka saa ya chai. Baada ya chai likaja swali jingine: mtu mzima, mwalimu anayeheshimika, anatembeaje na damu ya sukari mfukoni? Akaanza kuunganisha mambo. Kila Jumamosi mume alikuwa na "darasa la ziada". Alirudi ananuka kutu, ana mikwaruzo mikononi, na mara moja alikuwa na rangi ya kijivu nyuma ya sikio, akasema ni vumbi la breki.

Jioni akaenda dukani kwa wifi yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa akiuza vitambaa na kutunza siri zote za kaka yake. Akaitandaza leso juu ya meza bila salamu ndefu. Wifi akaitazama, akabana midomo, mabega yakaanza kumtikisika.

"Unajua kitu wewe," mke akasema.

"Wifi yangu, mimi niliapa."

"Uliapa nini?"

"Niliapa kutosema." Akaanza kukunja kitenge kilichokuwa tayari kimekunjwa. "Sikuapa kutokwenda na wewe. Jumamosi mchana nipitie."

Jumamosi wakafika shule ya udereva, wakapita darasa lenye picha za alama za barabarani, wakapita uwanja ulipopangwa matairi ya kujifunzia kuegesha gari, mpaka nyuma kabisa, yalipotupwa magari yaliyokufa. Kulikuwa na banda la mabati pale, mlango umeegeshwa. Na kabla hajaushika mlango, mke akakisikia.

Kikohozi.

Hakikusikika kama kikohozi cha kuigiza. Kilikuwa kilekile cha wodini, kinachoanza chini tumboni, kinapasuka kifuani, halafu kinaishia kwa mluzi mwembamba kama wa mtu anayeomba hewa. Alikuwa amekisikiliza usiku kucha kwa miezi. Aliijua sukari, aliijua rangi ya keki, alikijua kijikaratasi cha njano. Vyote vikamtoka kichwani, akausukuma mlango akaingia mbio.

Mumewe alikuwa amelala chali juu ya boneti ya gari bovu. Kifuani amefungwa kipande cha mlango wa gari, mabegani bamba zilizopigwa nyundo, kichwani chungu cha chuma kilichokatwa matundu mawili ya macho. Damu ilimtoka mdomoni. Na juu yake limesimama jitu refu, limeinua upanga.

"Muache!" Akalisukuma lile jitu kwa mikono miwili. Likayumba, likakanyaga rimu, likaenda kuketi kwa kishindo ndani ya tairi la lori, miguu juu.

Msichana mmoja mwembamba, mwenye simu iliyofungwa juu ya kijiti, akabaki kinywa wazi.

Mume akafungua jicho moja. "Mama watoto," akasema polepole. "Huyo ni muoka mikate."

"Shikamoo, mama," likasema jitu kutoka ndani ya tairi.

Wifi alikuwa amejishika mlangoni, mbavu hana.

Ilibidi waketi, watu wanywe maji, ndipo habari ikanyooka. Yule msichana alikuwa msusi wa nywele, na mwanafunzi wa mwalimu. Alikuwa ameanguka mtihani wa udereva mara nyingi hata hakupenda kuzihesabu, na katika kuzungukazunguka huko na gari walizoea kuongea. Siku moja akataja *Visiwa vya Kutu*, kitabu cha picha kilichokuja kufanywa mchezo wa simu. Mwalimu akakanyaga ile breki ya ziada ya upande wa mwalimu katikati ya barabara. "Na wewe unavijua?" Kumbe alipokuwa amelazwa, kijana wa kitanda cha pili alimwazima simu, na mwalimu akaucheza mchezo ule kuanzia mwanzo hadi mwisho. Aliyempenda zaidi ya wote alikuwa Jenerali Kutu, askari mzee ambaye chuma chake kinaliwa na kutu naye analiwa na kifua, anakohoa damu, na bado hafungui lango analolilinda. Msusi alikuwa na ndoto ya kutengeneza filamu yake mwenyewe ya vile visiwa. Shujaa alishampata, yule muoka mikate. Vyuma vya bure vilijaa pale nyuma ya shule. Alikosa jenerali.

"Wiki ya kwanza alisema hawezi," msusi akaeleza. "Nikamwambia, basi Mwalimu, kohoa tu tusikie. Alipokohoa, mama, tulinyamaza wote."

Mke akamgeukia mumewe. "Kwa nini hukuniambia?"

Mume alikuwa ameshavua kile chungu. Rangi ya kijivu ilikuwa imemchora makunyanzi yasiyo yake. "Ungenikataza."

"Ningekukataza, ndiyo! Kulala juu ya mabati, kutu, vumbi. Na kikohozi kile! Unajua nilivyosikia pale nje?"

"Najua." Akatazama mikono yake. "Sikiliza, mke wangu. Mwaka juzi kikohozi kilikuwa kinanikohoa mimi. Kinaniamsha kinapotaka, kinaninyima kula kinapotaka. Hapa msusi anasema 'tayari', nakohoa. Anasema 'kata', naacha. Unaona? Naacha." Akajifuta ile damu ya sukari mdomoni. "Na hapa hakuna anayenitazama kifua. Nyumbani, hata nikicheka unasikilizia."

Maneno yalimchoma mke, kwa sababu yalikuwa kweli, na pia kwa sababu yalisemwa kwa upole. Alimtazama mtu aliyekaa mbele yake: mabega mapana chini ya bamba, pumzi zake nzito na zenye afya baada ya kuangushwa mara tano sita mchana ule. Mgonjwa gani angeweza hayo? Akahisi kitu kilichokuwa kimemkaza shingoni tangu mwaka juzi kikilegea chenyewe, fundo moja baada ya jingine, mpaka akaona aibu ya kutaka kusinzia palepale kwenye kiti cha gari bovu.

"Haya," akasema mwisho. "Sitasikilizia. Nikisahau, nikumbushe." Kisha akaichukua chupa ya damu ya sukari iliyokuwa kando ya boneti, akaitikisa, akakunja uso. "Lakini nani amepika uchafu huu?"

"Mimi," akajibu muoka mikate kwa unyonge.

"Hii ni damu ya kujikata kisu. Damu ya mapafu huja na povu, baba. Kalete ute wa yai na kijiko."

Alipika damu mpya juu ya boneti, na ilikuwa nzuri kiasi kwamba muoka mikate alisogea pembeni akatazame mahali pengine.

Wiki iliyofuata msusi alikuja mwenyewe zahanati, akakaa foleni pamoja na wagonjwa mpaka zamu yake. Alikuwa ametazama kipande alichorekodi siku ile, mwanamke mwenye gauni la buluu anavyoingia kama kimbunga na kumwangusha shujaa.

"Mama, kwenye kitabu Jenerali Kutu anafia langoni peke yake," akasema. "Mimi tangu mdogo nilikuwa narudia ukurasa ule, kila mara nasema labda leo atakuja mtu. Hakuna aliyewahi kuja. Sasa wewe umekuja. Naomba nikuache humo."

Ndivyo alivyoingia kwenye filamu. Walimwongezea sentensi moja, "Mwondokeeni, huyu ana kwao," na sentensi hiyo ilimtoa jasho kuliko mitihani yote ya chuo. Mara aseme "ana kwake", mara acheke, mara amwangalie mumewe aliyelala na macho yamefumba, naye mume anatikisika kwa kicheko chini ya mlango wa gari. "Tena," msusi anasema. "Tena, mama."

Filamu ilioneshwa alasiri moja katika darasa la shule ya udereva, kitambaa cheupe cha wifi kikiwa kimefunika alama za barabarani. Walikuja vijana wengi kuliko viti. Walikuwa wanakijua kile kitabu ukurasa kwa ukurasa; walitaja majina ya silaha kabla hazijatolewa. Jenerali alipoanza kukohoa, waliokaa nyuma wakasimama ili waone. Mke alikuwa amekaa mstari wa pili, bega kwa bega na mumewe, na alimwona akifa kwenye kitambaa huku anamsikia akitafuna karanga ubavuni mwake. Akajikuta ameegemea, mikono imelala mapajani, hasubiri lolote.

Gauni la buluu lilipoingia, kijana mmoja nyuma akalalamika kwa sauti, "Sasa huyu mama katoka wapi? Kwenye kitabu hayumo!"

"Kaa kimya," mwenzake akamjibu. "Mimi nataka nione atamfikisha wapi."