Kombaini Iliyoinamia Bonde

Saa tatu kasoro robo asubuhi, kombaini, mashine ya kuvunia, ilikuwa imeinamia bonde katika shamba la mtama la Witness, huko Kitangari. Alikuwa ameahidiwa modeli ambayo tumbo lake la kupepetea hubaki sawa hata mtelemkoni. Alitandika turubai nyuma ya mashine aone kinachotoka. Punje zikamwagika pamoja na makapi.

“Hii nayo inajisawazisha, Mama Queen,” dereva Alfani alimwambia Witness. “Ila ni sehemu ya kukatia tu.”

“Ukipeta na ungo umeinama, unabaki na nini?”

Alfani alicheka. “Nimalizie nusu iliyobaki?”

“Umeshamwaga chakula chetu cha miezi sita. Hiyo nusu huigusi.”

Witness aliketi mbele ya gurudumu. Saa nne, Alfani aliirudisha mashine barabarani, na Witness akaanza kukata masuke kwa kisu.