Kifaa Namba Arobaini na Saba

Kiwiliwili cha plastiki kilifika shuleni miaka tisa iliyopita, kikiwa na moyo, mapafu na ini vinavyochomoka na kurudishwa. Mkuu wa shule aliagiza kifungiwe kwenye kabati la vioo bila kuvuliwa nailoni, kisije kikachakaa kabla wakaguzi hawajakiona. Wakaguzi walishakuja mara mbili, wakakisifu kupitia kioo. Kidato cha sita walijifunza moyo kwa mchoro wa chaki.

Jumatatu moja, saa nne na robo, mgongo wa msichana ambaye wenzake walimwita Maswali uligeuka kioo kuanzia mabegani hadi kiunoni, mifupa na yote. Aliyekaa nyuma yake aliuona moyo kupitia shati jepesi la sare, akahesabu mapigo sabini na mawili kwa dakika, akanyoosha mkono.

“Mwalimu, moyo upo hapa.”

Mwalimu wa biolojia alikuja na rula. “Ventrikali ya kushoto,” alisema akielekeza, “mnaona ukuta wake ulivyo mnene? Maswali, simama ugeukie kabati. Usiheme ovyo.”

Tangu siku hiyo alisimama akilitazama kabati, na darasa likamtazama yeye.

“Sogea kidogo, bwana, ini halionekani!”

“Leo umekunywa chai mbili, usikatae!”

Mtunza maabara alimwandika kwenye daftari la vifaa, namba arobaini na saba, hali nzuri, baina ya mizani na neti ya vipepeo. Darasa zima lilishauona moyo isipokuwa yeye, na mtihani wa vitendo ulibaki wiki tatu. Alitaka kusomea udaktari, na bila alama ya juu katika vitendo asingepata nafasi. Akaenda kwa mkuu wa shule kuomba kabati lifunguliwe.

“Kifaa unacho mwenyewe,” alijibu mkuu. “Mbona hutosheki?”

Nyumbani, mama yake, fundi cherehani, alikuwa amemshonea shati lenye mlango mgongoni, wa kufungwa kwa vishikizo. Maswali alijaribu vioo viwili, lakini kila alipojipinda ili aone, mapafu yaliuziba moyo.

“Kaa wima,” mama alisema akivaa miwani yake. “Mie nitakusomea. Lete daftari.”

“Mama, wewe biolojia hukusoma.”

“Kitambaa nakijua. Kuna vyumba vinne. Huu wa chini kushoto umetiwa bitana mara mbili, ule wa kulia mara moja. Baina ya juu na chini kuna vilango vya kitambaa laini, vimefungwa kwa nyuzi visipinduke. Aliyeshona hapa hakubahatisha.”

Maswali alichora. Mama alimrudisha mara sita, kama anavyomrudisha mwanafunzi wa cherehani aliyepinda mshono. Kufikia wiki ya tatu alichora akiwa amefumba macho.

Siku ya mtihani msimamizi alifika na orodha mbili.

“Vifaa mbele, watahiniwa kwenye meza. Wewe uko wapi?”

“Kote kuwili.”

Msimamizi alipekua kanuni. Haikupatikana iliyokataza. Basi akawekewa meza mbele, akakaa akilielekea kabati, mlango wa shati ukiwa wazi. Swali la pili liliwataka watahiniwa wapime mapigo ya kifaa kabla na baada ya mazoezi, kwa hiyo aliruka mara hamsini, akaketi, akaendelea kuandika kwa mwandiko uleule. Dakika zake kumi na mbili zilipotea hivyo. Hazikufidiwa. Alimaliza kabla ya kengele.

Matokeo yalipotoka, darasa zima lilifaulu na Maswali aliongoza. Nyuzi za vilango hakuwa amezichora mwingine yeyote. Mbele ya wazazi, mkuu wa shule alisema huo ndio uthibitisho wa faida ya kununua vifaa vya kisasa, akaligonga kabati kwa kidole.

Maswali alipokwenda chuoni, mtunza maabara alimtilia saini ya kumtoa, kisha akaandika mbele ya namba arobaini na saba: kimeondoka, hali nzuri.

Mwaka uliofuata, Jumatatu ya pili ya muhula, msichana wa meza ya mwisho aliomba ruhusa ya kuvua sweta. Mwalimu alichukua rula. Mtunza maabara alifungua kabati upenyo mdogo, akafuta vumbi la nailoni, akafunga tena, akafungua daftari kwenye mstari wa arobaini na nane.