Seva Iliyozimika Kila Ijumaa

Seva ilipozimika Ijumaa ya tatu mfululizo, watu wakiwa msikitini, Haruni alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Dada Sihaba, mashine yako imesilimu. Ikisikia adhana inafunga kazi."

Sihaba hakucheka. Yeye ndiye aliyeandaa programu ya kidhibiti cha seva ile ya zahanati, kompyuta inayotunza majalada ya wagonjwa, na kama kosa lilikuwemo, lilikuwa lake.

Kidhibiti ni kompyuta ndogo iliyopachikwa ndani ya seva. Seva ikilala, chenyewe hubaki macho: hupima joto, huendesha feni, na humwezesha fundi aliye mbali kuiwasha tena. Kwa seva ile, waliotengeneza programu ya zamani walikwisha kuitupa mkono, nayo ilikuwa na mwanya ambao mtu yeyote mwenye nia mbaya angeupitia mpaka kwenye majalada ya wagonjwa. Ndipo Sihaba, mzaliwa wa Mtawanya aliyesomea uhandisi Dar es Salaam, alipochukua programu huria iliyoandikwa na watu wa nchi nyingi, akairekebisha ifae mashine hii, akaijenga upya nyumbani kwake Kibiti. Watu wale hawakumjua hata kwa sura, lakini walimjibu maswali miezi na miezi, bure, wakimsahihisha mstari kwa mstari. Sihaba hakuwa mtu wa maneno matamu. Hilo, hata hivyo, alilishukuru kila alipofungua kompyuta.

Sasa Abdulhalim, msimamizi wa mtandao wa zahanati, alikuwa ametamka: ikizimika tena Ijumaa ijayo bila sababu kujulikana, programu ya zamani inarudi, pamoja na mwanya wake.

"Pandisha kikomo cha joto," Haruni alishauri. Ndiye mwenzake katika kazi ile, na ndiye aliyekagua kila alichoandika. "Inajizima ikifika nyuzi themanini. Iache ifike tisini."

"Na kama joto ni la kweli?"

"Ijumaa tu? Kwani jua la Ijumaa limefanya nini?"

Sihaba alipekua msimbo wote wa feni. Haukujua hata siku za wiki. Mwishowe akajenga toleo lenye kikomo cha juu, akaliweka kwenye kompyuta yake, na Ijumaa asubuhi akapanda pikipiki kwenda zahanati, kijiji kimoja mbele ya Mkongo. Angeitazama mashine ikizimika mbele ya macho yake. Asipoona sababu, angeweka toleo hilo.

Mtunza kumbukumbu wa zahanati, mama wa makamo aliyeitwa Mwanawetu, alimshika mikono yote miwili.

"Kumbe ndiye weye! Siku ile umeme umekatika, umerudi, mashine bado imelala, kina mama wamejaa barazani na watoto wa chanjo, mie sina jalada hata moja. Ukaiamsha toka huko Kibiti! Mungu akujaze, mwanangu."

"Amina, mama. Ila leo nimekuja kwa sababu inazimika."

"Ijumaa, si ndiyo? Nikirudi naikuta kimya. Nikasema labda nayo inapumzika."

Sihaba akaketi pembeni, kompyuta mapajani. Asubuhi nzima joto lilitulia. Wakati wa swala ulipokaribia, wagonjwa walikwisha kuondoka. Mwanawetu akafunga dirisha la mapokezi, akachukua ufagio. Kabla hajafagia, alifungua kabati, akatoa kitambaa kipana cheupe kilichodariziwa maua, akaifunika seva kama watu wanavyofunika redio sebuleni. Akakivuta mpaka chini, akanyoosha mikunjo.

Feni zikaanza kunguruma.

"Unaisikia?" Mwanawetu alisema kwa fahari. "Kila nikiivisha hulia hivyo. Nadhani inafurahi."

Kwenye kioo cha kompyuta ya Sihaba, namba za joto zilikuwa zikipanda.

"Mama, hebu kitoe."

Akakitoa. Namba zikasita, zikaanza kushuka.

"Kirudishe."

"Hee! Haya." Zikapanda.

"Kitoe tena."

"Mwanangu, umetoka Kibiti kuja kunichezesha?"

Sihaba akamgeuzia kompyuta, akamwonyesha. Mashine huvuta hewa kwa mbele. Ikizibwa hapo, huvuta joto lake yenyewe. Mwanawetu alitazama mstari uliopanda na kushuka kwa mikono yake mwenyewe, akaketi juu ya kasha la dawa.

"Nimeiziba pua," alisema. "Ijumaa ndiyo zamu yangu ya kufagia. Mie nahofia vumbi la ufagio, na la barabarani nikishaenda msikitini. Na kitambaa nimekidarizi mwenyewe, kuishukuru kwa siku ile."

Sihaba akaigeuza kompyuta kwake tena. Alifungua toleo lenye kikomo cha juu, akalifuta. Lingewekwa, mashine ingeendelea kuungua kimyakimya chini ya maua yale mpaka diski zife na majalada yote. Kihisi joto kilisema kweli tangu mwanzo. Kosa la Sihaba lilikuwa kwingine: programu yake ilizima seva bila kumwambia mtu kwa nini.

Akaandika palepale. Feni zikifika mwisho na joto bado linapanda, kidhibiti sasa kingetuma ujumbe kwenye simu ya zahanati: *Hewa haipiti. Angalia mbele ya seva.* Wakaijaribu kwa kitambaa kilekile. Simu ya zahanati ikalia mfukoni mwa Mwanawetu, naye akaruka.

Abdulhalim alipopigiwa alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili, akasema programu ibaki.

Kilichosalia kilikuwa kuwapelekea wenzake wa mbali rekebisho lile. Kwa desturi yao, chini ya kila rekebisho huandikwa jina la aliyeonyesha kasoro, na jina hilo halifutwi.

"Nakuandika wewe, mama."

"Mie? Mie ndiye mharibifu!"

"Bila wewe nisingeijua kasoro, wala wao wasingeijua. Kuna mashine kama hizi dunia nzima."

Mwanawetu akainama kwenye kioo, akatafuta jina lake kwa kidole.

"Basi ongeza Mbonde," alisema. "Mwanawetu Mbonde. Yuko Mwanawetu mwingine Mchukwi, atasema ndiye yeye."